Jani Asilolitaja Mwalimu wa Kemia

Kwa miaka yote niliyomfahamu, vidole vya mwalimu wetu wa kemia vilikuwa vya kijani. Kilikuwa kijani kilichofifia, chenye ukahawia kwenye kucha, kile kinachokaa ngozini mwa mtu anayeponda majani kila siku. Jumapili, aliponyoosha mkono kupokea mkate kanisani kwetu Butembo, watoto walimchungulia na mkewe akaangalia chini. Mama huyo alijaribu kila kitu: limau, majivu, mchanga laini wa mtoni. Mwalimu alisugua kwa utiifu kabisa. Kufikia Jumatatu jioni vidole vilikuwa vya kijani tena.

Alitufundisha tukiwa darasa la tano la sekondari. Siku ya kwanza hakuandika kitu ubaoni. Aliingia na gazeti lililofungwa kama la maandazi, akalifungua mezani, akampa kila mmoja wetu kipande cha gome la kinkina, mti wa kwinini. Kwetu kinkina haimshangazi mtu. Wengi wetu tulikua tukiona wazazi wakikata miti hiyo, wakiichubua na kuanika magome yake barazani. Akasema tutafune. Tukatafuna, na darasa zima likakunja uso.

"Munasikia nini?"

"Buchungu, Mwalimu."

"Sawa. Buchungu ile iko gome, ao iko ndani ya gome?"

Tulidhani ni mtego.

"Gome haiko dawa," akasema. "Dawa iko ndani, imechangana na bintu mingi yenye haiko dawa, na bingine yenye iko sumu. Watu ba zamani balijua gome. Ni vizuri, tubashukuru. Lakini sisi kazi yetu ni kutenganisha."

Neno hilo, kutenganisha, ndilo lililonipeleka kusomea kazi ya maabara. Nilipomaliza nikapata kazi kwenye kituo cha afya hapo mjini, kupima damu na kinyesi, na Jumamosi nilikuwa nakwenda kumsaidia. Alikuwa na chumba nyuma ya shule, ambacho zamani kiliwekwa kuni. Alikipaka chokaa mwenyewe, akatengeneza meza kwa mlango wa zamani. Humo alikausha majani, akayasaga, akayaloweka kwenye pombe kali, akayachuja, kisha akaipika ile pombe kwa moto mdogo mpaka ikaondoka na kubakiza kitu cheusi kama lami chini ya chupa. Kile cheusi ndicho alichokuwa akikitafuta, na hata hicho kwake kilikuwa mwanzo tu.

Pombe ndiyo iliyomletea matatizo. Alkoli ya maabara haikupatikana, kwa hiyo alinunua lutuku, ile pombe ya kupikwa majumbani, na kuisafisha tena katika vyombo vyake. Sasa fikiria mwalimu wa Kiprotestanti, mwimbaji wa sauti ya nne katika kwaya, anaonekana kila Ijumaa mchana akitoka kwa mama mpika lutuku na bidoni la lita tano. Baada ya miezi michache wazee wa kanisa wakamwita. Alikuja na chupa zake zote, mrija wa mpira na jiko dogo, akavipanga mbele yao na kuanza kuisafisha lutuku pale pale, huku akiwaeleza. Mchungaji alinusa, akarudi nyuma hatua moja. Wazee wakakaa faragha, kisha wakatoa uamuzi: aendelee kununua, ila kila Ijumaa aende na shemasi mmoja awe shahidi. Shemasi aliyechaguliwa alikubali haraka sana. Baada ya muda mfupi ikabidi wamchague mwingine.

Mwalimu alisimulia kisa hicho mara nyingi na hakuwahi kukicheka. Aliona wazee walifanya haki.

Ndani ya chumba kile alikuwa mtu mwingine kabisa, mkali. Kila chupa iandikwe, na iandikwe kwa penseli, maana alkoli hufuta wino. Siku moja nilikuta chupa isiyo na karatasi, nikasema najua ni ya nini, nimeiweka mwenyewe asubuhi. Alimwaga. Kazi ya wiki tatu ikaingia kwenye mfereji mbele ya macho yangu. Sikumsemesha siku nzima. Jioni alinisindikiza hadi barabarani, akanunua mahindi ya kuchoma, akanipa lile lililoiva vizuri. Hakuomba radhi na sikuitaka.

Neno lake kubwa lilikuwa "sahani ya pili". Ukimwambia dawa fulani imemponyesha mtu, lazima aulize yule ambaye hakunywa aliendeleaje. Kwenye maabara hiyo ndiyo sahani ya pili, ile isiyowekwa dawa, ambayo bila hiyo hujui lolote. Kwake lakini haikubaki maabara. Kwenye harusi moja mjomba wa bibi harusi alikuwa anaeleza jinsi ndimu na tangawizi vilivyomwondolea mafua kwa siku saba. Mwalimu akaweka chini sahani yake ya wali.

"Na ule mwenye hakukunywa ndimu, alipona kwa siku ngapi?"

"Nitajua aje?"

"Njo hapo sasa. Haujue."

Mkewe alimvuta koti. Mjomba yule hakumwalika tena popote.

Lakini akipata mafua yeye, mtu huyohuyo alikunywa chai ya mmea wa artemisia yenye asali, bakuli zima, amejifunika blanketi mpaka masikioni. Nilimkuta hivyo siku moja ya mvua, nikamuuliza sahani ya pili iko wapi.

"Hii haiko dawa," akasema, akiendelea kunywa. "Hii ni mama yangu."

Watu wengi waliodhani anatafuta dawa ya malaria walikosea. Alisema malaria ina wenyewe. Alichokitafuta yeye ni kitu cha kuzuia virusi, na alipoulizwa kwa nini ajitwike lililowashinda wakubwa, alieleza kwa upole, kama vile anaeleza mara ya kwanza. Vijidudu vya kuhara vina mwili wao, unaweza kuvipiga peke yao. Kirusi hakina. Kinaingia ndani ya seli yako, kinafunga mlango, kinapikia kwenye sufuria zako. Ukitaka kukichoma, utachoma na nyumba. Kwa hiyo unatafuta kitu ambacho kitazima jiko la kirusi peke yake. Mimea nayo inaugua virusi, alisema, na haina miguu ya kukimbilia kwa daktari. Lazima iwe imejitengenezea kitu.

Kulikuwa na jani moja. Alilipata ukingoni mwa msitu upande wa Beni, kwa akina mama waliokuwa wakiwaogeshea watoto wenye surua. Aliwafuata akina mama hao misimu kadhaa, akiandika nani aliogeshwa na nani hakuogeshwa. Barabara zilipoharibika kwa vita na ikawa mtu hawezi tena kuingia kule na kutoka, alikuwa ameshapanda miche mitatu nyuma ya nyumba yake, katikati ya kabichi. Baridi ya Butembo iliua miwili. Uliobaki aliufunika gunia kila asubuhi yenye ukungu.

Jina la jani hilo hakulisema kwa mtu. Chupa zake ziliandikwa Namba Kumi na Moja. Mimi nililijua kwa sababu nilikuwa nalichuma, na nilipomuuliza kwa nini afiche, yeye ambaye darasani alichukia siri, alisema siku watu wakilijua watalimaliza msituni kabla hajajua lina nini, na watalinywa. Kwa hiyo hata mimi hapa sitalitaja.

Kisha Ebola ikaja kwetu. Ilianzia upande wa Mangina na Beni, ikafika Butembo. Waliokuwepo wanakumbuka ndoo za maji ya klorini kwenye kila mlango, watu wakisalimiana kwa viwiko, na maneno. Maneno yalikuwa mengi kuliko ndoo. Wengine walisema ugonjwa umeletwa, wengine walisema haupo. Na wengine wakakumbuka kwamba nyuma ya shule fulani kuna mwalimu mwenye chupa za dawa ya virusi.

Aliyekuja kwanza alikuwa rafiki yake wa miaka mingi, Mwislamu mmoja msafirishaji, mwenye malori ya kwenda Kasindi mpakani. Nilikuwepo. Alivua kofia, akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, maana chumba kile hakikuwa na viti.

"Mwalimu, dereva wangu moja amekufa. Wa pili iko nyumbani anaogopa. Nipatie bidoni mbili tu. Sitaki kuuzisha. Nitabapatia bure."

"Haji, hii sijue inafanya nini ndani ya mwili ya mutu."

"Sasa batu banakufa, Mwalimu. Itawafanya nini zaidi ya kufa?"

"Itawafanya babakie nyumbani," alisema mwalimu. "Kila mwenye atakunywa hii atabakia nyumbani, atasema niko na dawa. Na ataambukiza bibi yake na batoto. Hiyo njo itafanya."

Haji aliinuka kwenye ndoo. Kisha akasema, "Sawa," akavaa kofia yake na kwenda. Hakukasirika, au kama alikasirika hakuonyesha. Wiki ile mwalimu alifunga chumba kwa kufuli mbili. Kanisani alisimama baada ya matangazo akasema hana dawa, chanjo ipo, waende. Watu wakanong'ona kwamba amelipwa. Vijana fulani waliandika kwa mkaa kwenye mlango wa chumba chake neno ambalo sitalirudia.

Muda mfupi baadaye mimi nilihamia Beni kikazi. Ndiyo maana siku dada mkubwa wa mwalimu alipougua, katika mtaa wa Bungulu hapo Beni, nilikuwa wa kwanza kumpigia simu. Alifika siku hiyohiyo mchana kwa pikipiki, ana vumbi mpaka kwenye nyusi. Dada yake alikuwa amelala kwenye mkeka mlangoni, binti yake ameketi mbali kidogo, akilia bila sauti. Nilikuwa nimewakataza wasimguse. Mwalimu alisimama uani, hatua kama nne kutoka kwake.

Huyu dada ndiye aliyemlea. Alimwita Yaya, yaani dada mkubwa, tangu utoto.

"Mudogo," Yaya akasema, "umekuja na ile dawa?"

"Yaya, ile haiko dawa. Bado."

"Butembo muzima banasema uko na dawa."

"Niko na majani ndani ya chupa."

"Basi nipatie majani."

Mwalimu alipeleka mkono kwenye koti lake.

"Mudogo. Niko nakuomba."

"Yaya, kule CTE, kwenye banatunza Ebola, biko na dawa yenye bamekwisha kujaribu kwa batu. Bamoja banapona. Ile yangu sijue kama itakusaidia, sijue kama itakuua mbele ya ugonjwa. Twende kule. Nitafuata gari nyuma, sitakuacha."

Yaya alimtazama mdogo wake, kisha akageuza uso ukutani na kusema waite gari. Mwalimu alilifuata kwa pikipiki. Kule kituoni alisimama nje ya uzio wa plastiki ya rangi ya machungwa kila siku, asubuhi mpaka waanze kufunga, na kulipokuwa na nafasi waliongea wakiwa pande mbili za uzio, kwa Kinande, mambo ya zamani tu. Yaya alipewa dawa waliyokuwa nayo. Hakurudi nyumbani.

Kwenye matanga, watu wakiwa wamekaa mbalimbali kama tulivyoagizwa, binti wa marehemu alisimama. Hakupaza sauti.

"Mujomba alikuwa na dawa kwa chupa," alisema. "Alimunyima mama yangu. Ninataka mujue."

Mwalimu alikuwa ameketi nyuma. Hakujitetea. Aliinuka, akanawa mikono kwenye ndoo ya klorini mlangoni kama kawaida, akaenda. Tangu siku hiyo mpwa wake hakumsalimia tena. Walipokutana njiani binti alivuka barabara. Nilidhani mwalimu angeacha kazi yake, na kwa muda aliiacha. Majani yalikauka mpaka yakawa unga. Halafu Jumamosi moja nilipokwenda Butembo nikamkuta anaosha chupa, moja baada ya nyingine, na anaandika karatasi mpya kwa penseli. Nikachukua kitambaa nikaanza kukausha.

Miaka ilienda. Alistaafu. Chumba kile shule ikakichukua, leo kuna mifuko ya saruji. Usalama ulipozidi kuwa mbaya pembeni mwa Butembo, mwanawe alimchukua akaishi naye Beni, mtaa wa Beu, na mche wa mwisho ukahama naye ndani ya beseni. Beni kuna joto. Ule mche ukawa kichaka.

Mimi nikabahatika kwenda kuongeza masomo ng'ambo ya mpaka, kwenye maabara yenye vyombo vya kukuzia seli. Nilimwomba ruhusa nibebe Namba Kumi na Moja. Alinipa majani makavu kwenye bahasha, akaandika bahasha mwenyewe, na pale Kasindi mtu wa forodha alinusa akadhani ni chai. Tuliyajaribu kwa kirusi dhaifu, kisichoua watu. Tulirudia mara kadhaa, na mwenzangu akarudia peke yake bila kujua sahani ipi ni ipi. Matokeo yalikuwa haya: kirusi kilisimama. Lakini kwa kipimo kilekile kilichosimamisha kirusi, seli zenyewe zilikufa, na za ini zilikufa kwanza. Baadaye tulipotenganisha, sehemu moja ndogo ilionekana kuwa ya upole zaidi kwa seli. Hiyo kazi haijaisha na huenda isizae kitu.

Nilirudi Beni nikiwa na furaha ambayo sikujua niipeleke wapi. Nilimkuta ameketi uani karibu na kichaka chake, macho yameingia ukungu, vidole vimekuwa vya kawaida kwa mara ya kwanza, vyeupe kwenye ncha kama vya mtu aliyetoka kwenye maji. Nikamweleza yote. Aliuliza maswali mazuri, yaleyale ambayo wasimamizi wangu waliuliza. Nilipomaliza nikasema, "Mwalimu, ulifanya vizuri. Ile ingemwua Yaya."

Alinyoosha mkono nimwinue. Halafu akasema, "Twende kwa mutoto ya Yaya. Umuambie yeye."

Mpwa wake ana meza ya vitenge sokoni Beu. Tulikwenda polepole, amenishika mkono. Alipotuona hakuvuka barabara, maana angeacha mali yake, lakini uso wake ulikunjamana. Mwalimu alisimama mbele ya meza. Mimi nikajitambulisha upya, nikaeleza nilichosomea, nikaeleza jani, nikaeleza seli. Watu walikuwa wakipita, mmoja aliuliza bei na hakujibiwa. Nikafika mwisho.

"Donc, basi," binti akasema, "kama mama angekunywa?"

"Angekufa," nikasema. "Tena mapema zaidi."

"Hapana," mwalimu akasema.

Nikageuka.

"Sema yenye uliona. Uliona seli. Haukuona Yaya."

Nilimkasirikia pale pale. Nilikuwa nimembebea jambo hilo kutoka ng'ambo, alichotakiwa ni kunyamaza tu lipokelewe. Binti alikuwa akimtazama kwa namna ambayo sikuielewa.

"Kwa hiyo hata sasa haujue," alimwambia.

"Kwa Yaya, sitajua hata siku moja." Akatafuta ukingo wa meza kwa mkono, akaushika. "Lakini kuna kintu moja sijakuambia. Wala huyu sijamuambia. Ile siku nilikuja nayo. Chupa ilikuwa ndani ya koti, hapa."

Sikujua hilo. Miaka yote hiyo sikujua.

"Ulikuja nayo mpaka kwetu?"

"Kutoka Butembo. Njia muzima nilikuwa nasema nitamupatia. Nilipoingia kwa lupango yenu nilikuwa bado nasema nitamupatia. Aliponiomba mara ya pili, mukono ilikuwa tayari ndani ya koti."

Binti aliweka mikono juu ya rundo la vitenge.

"Nilizani ulikuja mikono mitupu," akasema. "Nilizani haikukuuma."

Mwalimu alikuwa bado ameshika ukingo wa meza.

Binti akazunguka meza. Kulikuwa na kiti kimoja cha plastiki pale, kimejaa vitambaa alivyokuwa bado hajavikunja. Akavikumbatia vyote kwa pamoja, akavitupa mezani bila kujali vinaangukia wapi, akakivuta kiti mpaka nyuma ya magoti ya mzee.

"Mujomba, ikala," alisema. "Umesimama sana."